Chale za Wazee Wetu na Siku za Kupona

Hapa Ankoro, mahali mto Luvua uingiapo katika Lualaba, wako bado akina mama wakongwe wachache wenye chale mwilini. Siku ya Jumapili kanisani hazionekani, kwa kuwa nguo zazifunika. Lakini mama akiinama kutwanga muhogo, kitambaa chasogea kidogo, na hapo mgongoni waona mistari ya nukta, imepangwa sawasawa kama shanga katika uzi. Vijana wakiona hucheka, na kusema, "Ni mambo ya kishenzi hayo." Nasi tukiri wazi: tulipokuwa wadogo tulicheka pia.

Siku moja tulimwendea nkambo mmoja, maana ndivyo tuwaitavyo babu na bibi zetu, tukamwomba atueleze jinsi alivyochanjwa. Tulikuwa na daftari na kalamu tayari, tukidhani atasema habari za wembe na damu. Akatutazama, akajibu: "Mwalimu, wembe ulikuwa asubuhi moja tu. Mbona waniuliza habari ya asubuhi moja? Niulize siku zilizofuata." Basi akaeleza kwa muda mrefu: nani alimwosha, nani alimpaka mafuta, alilala upande gani, alikatazwa nini. Habari ya wembe ilikuwa maneno matatu.

Tangu siku ile twaona kwamba historia ya chale imesimuliwa nusu. Wasafiri na wataalamu wameandika sana juu ya mchanjaji na kisu chake. Lakini kisu hufanya kidonda tu. Alama hufanywa na siku za kupona, na na mtu aliyekitunza kidonda. Nusu hiyo ya pili ndiyo tutakayo kuwaelezea wasomaji wetu leo, kwa sababu ina jambo la kutufundisha sisi tulio na watoto wanaorudi kutoka mjini na alama mpya mikononi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana maneno hutunza mambo ambayo watu wameyasahau. Kwa Watabwa wa ng'ambo ya Marungu, na kwa ndugu zao Wababemba wa Zambia, kitenzi kulemba kilikuwa na maana ya kuchora na kutia alama juu ya ngozi. Shule zilipokuja, kitenzi hicho hicho kikatumika kwa kuandika katika karatasi. Katika Kiswahili twalo neno nembo. Leo twasema nembo ya taifa au nembo ya chama; zamani nembo ilikuwa chale ya kabila, usoni au mwilini. Tena twasema chanjo. Mama akimpeleka mtoto dispensari kupata chanjo ya surua, hakumbuki kwamba kuchanja ni kukata ngozi kidogo kwa wembe. Naam, maneno yetu ya kuandika, ya alama ya nchi na ya kinga ya mtoto, yote yamepita juu ya ngozi za wazee wetu.

Je, chale hizo zilikuwa na kazi gani? Kwa Waluba zilikuwa pambo, tena zilikuwa kumbukumbu. Msichana hakuchanjwa mwili wote siku moja. Alianza na sehemu moja, akapumzika, akaendelea mwaka mwingine, hata alipokaribia kuolewa. Kwa hiyo chale za mama zilionyesha njia aliyoipita, tangu utoto hata utu uzima. Wachongaji nao walijua jambo hilo. Kule Buli, karibu na mahali mto Lukuga uingiapo Lualaba, wataalamu walilihusisha jina la kijiji hicho na mchongaji mmoja hodari wa karne ya 19. Mbelgiji Frans Olbrechts alieleza kazi zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1946. Viti vyake vya enzi vimebebwa na sanamu ya mwanamke, na juu ya mwili wa mwanamke huyo zimechongwa chale. Kimoja cha viti hivyo kipo leo New York, katika jumba la makumbusho liitwalo Metropolitan. Watu wa mbali hulipa fedha ili wazitazame chale ambazo watoto wetu wazicheka.

Watabwa walikuwa na mstari wa nukta uliogawa uso au mwili katikati, na pembetatu zilizopangwa kwa safu. Safu hizo waliziita balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Tukumbuke kwamba kabla mwezi haujaonekana, kwanza kuna usiku wa giza. Aliyechanjwa alijua maana yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika nchi nyingi za Afrika ya kati na ya mashariki mchanjaji aliinua ngozi kwa mwiba au kwa ndoana ndogo, kisha akakata kwa wembe au kisu chembamba. Baadaye alisugua masizi, majivu au unga wa makaa ndani ya kidonda. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji walitumia masizi ya mbarika, nayo yaliiacha ngozi na rangi ya buluu iliyokoza. Walirudia kukata mara mbili au tatu, ili rangi iingie vizuri. Huku kwetu wengi walipenda zaidi chale iliyoinuka, ambayo mtu aweza kuisoma kwa ncha za vidole hata gizani.

Hapo ndipo ilipo siri. Kidonda kikifunga upesi, huacha alama nyembamba ambayo baada ya miaka yafifia. Kidonda kikichelewa kufunga, mwili hutengeneza nyama nyingi ya kovu, na alama hubaki imeinuka. Lakini kikichelewa mno huoza, na mtu aweza kufa. Basi mtunzaji alitembea katikati ya hatari mbili: kisifunge upesi, wala kisioze. Kazi hiyo haikuwezekana kwa mtu mwenye haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na twadhani hakuna mahali methali hiyo ilipojulikana vizuri kuliko mgongoni mwa msichana aliyechanjwa.

Nkambo wetu alituambia kwamba mama yake mdogo ndiye aliyemtunza. Asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akamwosha taratibu bila kusugua. Kisha alipaka mawese kidogo, kiasi cha kung'aa tu. Alimkata kucha zote, asije akajikuna usiku. Alimlaza kifudifudi juu ya mkeka uliopigwa jua. Mchana alikaa karibu naye na tawi la majani, akifukuza nzi. Alimkataza kwenda mtoni, kubeba mzigo na kukaa juani. Na kila jioni aliyatazama yale majeraha, moja moja, akayagusa pembeni kwa mgongo wa mkono apate kujua kama yana joto. "Alinitazama hivyo," nkambo akasema, "mpaka gamba la mwisho lilipoanguka lenyewe. Wakati huo aliniambia mambo yote ambayo msichana apaswa kuyajua. Nilikuwa nimelala kifudifudi, ningekimbilia wapi?" Akacheka sana, nasi tukacheka naye.

Wauguzi wa leo wakisikia habari hiyo watakubali mambo mengi. Maji yaliyochemshwa, mafuta machache, kucha fupi, kutojikuna, kujiepusha na maji ya mto na jua kali, na kupima joto la ngozi: hayo yote ni mema. Mama mdogo yule hakujua habari za vijidudu, lakini macho yake yalikuwa yamefundishwa na wale waliomtangulia.

Hata hivyo haifai kuyasifu mambo ya kale kupita kweli. Yalikuwako makosa, tena makubwa. Majivu yaliyookotwa chini yaweza kuchanganyika na udongo au samadi, na humo ndimo zikaamo mbegu za pepopunda, ugonjwa ambao hukaza taya na mgongo, nao huua. Tena wembe mmoja ulipita kwa wasichana wengi mfululizo. Siku hizi twajua kwamba homa ya ini aina ya B hupita kwa damu kidogo sana, na virusi vyake vyaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Wembe uliopanguswa kwa kitambaa haujawa safi. Hatuwezi kuwahesabu waliougua baada ya chale, maana hakuna aliyewaandika. Lakini makaburi ya watoto hayakukosa.

Mambo yalianza kubadilika wageni walipokuja. Mwaka 1883 Kapteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilipewa Mapadri Weupe. Mwaka 1893 ilianzishwa misioni ya Baudouinville, ambayo leo twaijua kwa majina ya Kirungu na Moba. Wamisionari wengi walizipinga chale. Sababu zao zilikuwa kadha wa kadha. Waliona zimefungamana na jando, unyago na heshima kwa mizimu. Waliona vidonda vikioza. Tena walisoma katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, kwamba Waisraeli walikatazwa kujikata na kujichora mwili kwa ajili ya wafu.

Lakini historia ya Kanisa ni pana kuliko misioni moja. Mwaka 786 Papa Adriano I alituma wajumbe Uingereza. Katika taarifa yao walizilaumu alama za ngozi zilizofanywa kwa ushirikina wa kipagani. Ila walisema kwamba aliyevumilia kutiwa alama kwa ajili ya Mungu angepata thawabu. Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, huchora msalaba mdogo ndani ya kiwiko cha mkono wa kulia, karibu na kiganja. Katika Ethiopia na Eritrea akina mama wengi wana msalaba katika paji la uso. Mahujaji wa Yerusalemu kwa karne nyingi walirudi kwao na alama ya hija mkononi, na vivyo hivyo mahujaji wa Loreto katika Italia. Basi swali la Kanisa lilikuwa zaidi juu ya nia ya moyo kuliko juu ya ngozi yenyewe.

Huku kwetu chale zilikwisha pole pole, bila vita. Nguo zilizifunika, na kitu kisichoonekana hakitamaniki tena. Vijana walikwenda shule na migodini, na huko walijulikana kwa daftari na kadi ya kazi. Alama mpya ya mtu mzima ikawa kujua kusoma. Hapo twamkumbuka Stefano Kaoze, mwana wa Marungu. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalianza kuchapishwa kwa Kifaransa, na mwaka 1917 alipewa upadre huko Baudouinville, wa kwanza kati ya wenyeji wa Kongo. Wazee wake walikuwa wamelemba juu ya ngozi. Yeye akalemba juu ya karatasi. Twamshukuru Mungu kwa kalamu ile.

Je, tulipoteza nini? Wembe uliopita kwa watu wengi, hatuusikitikii. Majivu ya chini, kadhalika. Lakini pamoja na wembe aliondoka yule mama mdogo aliyekaa na tawi lake kufukuza nzi. Wakati chale zilipokatazwa, hatukumwona, kwa hiyo hatukufikiri kumhifadhi. Nasi tulikuja kumhitaji baadaye. Tueleze jinsi tulivyolitambua hilo.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kwetu alikwenda Kalemie kutafuta kazi. Mjini siku hizi vijana hupenda tatuu. Walio na fedha huchorwa kwa mashini. Wasio na fedha huchorwa na rafiki, kwa sindano iliyofungwa katika kijiti, na wino wa kalamu. Kijana huyu alichorwa msalaba mkononi, juu ya kiwiko. Aliporudi Ankoro alivaa shati la mikono mirefu, jua kali likiwaka. Jumapili ile ile sisi tulikuwa tukifundisha vijana, na kwa bahati tulisema maneno makali juu ya wale wanaojichora mwili. Tulisema vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Kijana alikuwa ameketi mstari wa tatu, mkono wake ukiungua ndani ya shati.

Hakusema neno. Siku ya nne mama yake alimkuta akitetemeka kwa homa. Alipoipasua mikono ya shati aliona mkono umevimba, na mstari mwekundu umepanda kuelekea kwapa. Walimpeleka kituo cha afya usiku kwa baiskeli. Muuguzi alikipasua kidonda, usaha ukatoka, akampiga sindano za dawa siku nyingi. Mungu alimponya. Lakini msalaba wake hauonekani tena. Mahali pake pana kovu kubwa lisilo na umbo. Tulipokwenda kumwona alituambia kwa upole, "Mwalimu, niliogopa." Neno hilo lilituingia kuliko mahubiri yoyote. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini nani aliyemfundisha kuficha? Sehemu yake ilikuwa ni sisi.

Kwa hiyo twaandika hapa mambo ambayo yule mama mdogo angeyafanya leo, kama angekuwa na elimu ya sasa. Hatuandiki ili kuwavuta watu wachorwe. Twaandika kwa sababu mwenye kidonda anahitaji kutunzwa kwanza, na maneno mengine yaweza kungoja.

Kwanza, sindano na wembe viwe vipya, vifunguliwe mbele ya macho ya mtu, wala visitumiwe kwa wawili hata kama ni ndugu. Virusi vya UKIMWI, vilivyotambuliwa mwaka 1983, na vile vya homa ya ini, havijali undugu. Wino wa kalamu haukutengenezwa kwa ngozi. Yafaa pia mtu awe amepata chanjo ya pepopunda.

Pili, atunzaye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Aoshe alama mara mbili kwa siku, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni laini, kisha akaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Apake vaselini kidogo tu. Mafuta mengi huifungia ngozi unyevu. Asitie majivu, udongo, dawa ya meno wala majani yaliyotafunwa.

Tatu, magamba yasibanduliwe. Yaanguke yenyewe. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki 2 hadi 4, na muda huo mtu asiogelee mtoni wala ziwani, asikae juani, avae nguo pana na safi. Ngozi ya ndani huendelea kujijenga miezi mingi baada ya hapo.

Nne, wekundu unaozidi kuenea baada ya siku chache, joto, maumivu yanayoongezeka, usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda, ni dalili za hatari. Mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, mchana au usiku.

Wengine watauliza kwa nini wino haufutiki, ilhali ngozi hujibadilisha daima. Jibu lake ni zuri. Ndani ya ngozi mna chembe hai zilizo kama askari, kazi yao kumeza vitu vigeni. Zikiumeza wino, haziwezi kuuyeyusha, basi hukaa nao. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba askari hao hufa, wino ukaachwa, na askari wapya wakaja wakaupokea. Hivyo alama hudumu kwa sababu kila anayekufa hupokewa na mwingine. Tulipomsimulia nkambo habari hiyo alitikisa kichwa na kusema, "Hata mimi nilipokewa hivyo."

Mwaka huo huo, tarehe 19 Machi, Papa Fransisko alikutana na vijana huko Roma kabla ya sinodi yao. Mseminari mmoja alimwuliza juu ya tatuu. Papa akajibu kwamba tusiziogope, akataja Wakristo wa Eritrea wenye msalaba katika paji la uso. Ni kweli kwamba alisema pia kuna kupita kiasi. Lakini alama ya mtu, alisema, yaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo naye. Sisi tuliosomea seminari tulisoma maneno hayo tukimkumbuka yule kijana wa mstari wa tatu.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto wako akirudi kutoka Kalemie au Lubumbashi na shati la mikono mirefu siku ya jua, usianze na hasira. Chemsha maji. Mwambie akunjue mkono, uutazame, uguse pembeni kwa mgongo wa mkono wako upate kujua kama una joto. Ukimwosha hivyo siku kumi na nne, utapata nafasi ya kumwambia yote uliyotaka kumwambia, naye atakusikia. Ndivyo alivyofanya mama mdogo wa nkambo wetu.

Na sisi, vijana wakicheka tena chale za wakongwe wetu, twawatuma wakamwulize nkambo. Huwaketisha chini, akawaambia wasimwulize habari ya wembe.